POP, chuma au mzee wa mianzi: mfupa ukivunjika na wewe una kisukari

"Mnataka POP au chuma? Zungumzeni, narudi."

Daktari wa zamu akaitwa wodi ya pili, akatuacha watatu: mama kitandani, mdogo wangu ameinua picha ya eksirei kwenye taa kama mtu anayejua kuisoma, na mimi. Hapo hapo simu ya mama ikaita. Mjomba, kutoka Lushoto. "Msikubali akatwekatwe. Huku kuna mzee anaunga kwa mianzi. Wiki tatu tu mtu anarudi shambani."

Njia tatu, robo saa ya kuamua, na hakuna aliyetuambia kwamba kwa mtu kama mama njia hizo haziwi kama zilivyo kwa kijana aliyeanguka na bodaboda. Mama ana kisukari, huu mwaka wa kumi na mbili. Nyayo zake zina ganzi. Kandambili humtoka njiani naye akaendelea kutembea mpaka mtu amwambie. Safari hii aliteleza kwenye ngazi za uani, masika, na mfupa wa muundi, ule wa mbele ya mguu chini ya goti, ukakatika katikati bila kutoboa ngozi.

Tulichagua POP, yaani kufungwa jasi, kwa sababu ilikuwa rahisi na mama aliogopa kisu. Tulikosea, ingawa POP yenyewe haina ubaya. Mimi si daktari. Ni mtoto wa mgonjwa, nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki miezi minane nikiuliza maswali mpaka manesi wakanizoea. Ninachokiweka hapa ni kile ambacho ningependa mtu anikalishe anieleze ile robo saa.

Kwanza, kalenda

Mfupa ukivunjika, damu huvuja na kuganda pale penye ufa. Katika wiki mbili tatu bonge hilo hugeuka gegedu laini linaloshikilia ncha mbili kwa namna ya gundi ambayo haijakauka. Baadaye madini yanaingia na gegedu linakuwa mfupa kweli, halafu mwili unaendelea kuuchonga kwa miezi, hata miaka, urudi kwenye umbo lake. Kila hatua inataka damu ifike, na hapo ndipo kisukari kinapoingilia. Sukari iliyokaa juu miaka mingi imekwisha kuharibu mishipa midogo. Seli nyeupe zinakuwa goigoi mbele ya vijidudu. Sukari hiyo pia hujibandika kwenye nyuzi za kolajeni, zile kamba za ndani zinazoupa mfupa unyumbufu, zikakakamaa. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kupimwa uzito wa mifupa, jibu likatoka zuri kabisa, na bado akavunjika kwa kuteleza bafuni.

Muundi wa mtu mzima mwenye afya huchukua miezi 3 hadi 4, wengine 5. Kwa mwenye kisukari ongeza nusu ya muda huo, na kama miguu ina ganzi madaktari wengi huuzidisha mara mbili ule muda wa kutokukanyagia. Wiki tatu za mjomba hazikuwa uongo mtupu: katika wiki ya tatu gegedu limeshika na maumivu yamepungua, mtu anaona amepona. Akikanyagia tu, gundi inaachia.

POP

POP ni jasi inayolowekwa maji, ikazungushwa mguuni ikakauka. Mtaani tunaiita hogo. Haipasui ngozi, haihitaji nusukaputi, hospitali ya wilaya inaiweza. Kwa mfupa ambao haujahama mahali pake, ncha zikiwa zimetazamana, sukari imetulia na mgonjwa bado anahisi vidole vyake vya miguu, ningeichagua hata leo. Kumchana mtu wa kisukari bila sababu ni kuwafungulia vijidudu mlango.

Tatizo ni yale yanayotendeka ndani yake. Mguu unafungwa ukiwa umevimba. Baada ya siku saba hadi kumi uvimbe unapungua, hogo linalegea, mguu unaanza kucheza humo ndani. Mwenye hisia atapiga kelele: hapa panachoma, hapa panabana. Mama hakupiga kelele. Siku ya tisa sukari yake ya asubuhi ilipanda kutoka 9 hadi 17 mmol/L, tukalaumu wali wa nazi wa jana yake. Siku ya kumi na moja shemeji aliingia chumbani akasema kuna panya amekufa uvunguni. Tukatoa masanduku, tukafagia, tukapiga deki. Harufu ikabaki palepale. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Nadhani ni mimi."

Hogo lilipokatwa, kisigino kilikuwa na kidonda cha upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, kingo nyeusi, pamba imelowa. Mama akakitazama kama anatazama cha mtu mwingine. Hakijamuuma hata siku moja. Kule tulikofungiwa hakuna aliyekuwa amezigusa nyayo zake na kumuuliza kama anahisi; sisi nasi hatukujua kwamba hilo ni jambo la kusema. Na ile sukari iliyopanda ghafla ndiyo ilikuwa kelele yenyewe. Mwili wenye maambukizi hupandisha sukari, hata mtu akila mchicha mtupu.

Kwa hiyo ukichagua POP na una kisukari, ichague pamoja na masharti yake. Pamba nene kisiginini na kwenye vifundo. Siku za kwanza nusu hogo, lile la upande mmoja lililofungwa kwa bandeji, mpaka uvimbe ushuke. Mguu uonwe tena ndani ya siku mbili, halafu kila wiki, na eksirei irudiwe kwa wiki tatu za mwanzo, maana mfupa uliokaa vizuri siku ya kwanza unaweza kuwa umepinda siku ya kumi na nne. Nyumbani, mtu mmoja apewe kazi ya pua: anuse hogo kila jioni. Inachekesha, lakini sisi ingetuokoa.

Chuma

Watu husema "kuwekewa chuma" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitatu.

Kuna fimbo inayopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa, kwa muundi huingilia chini kidogo ya goti, ikafungwa kwa skrubu juu na chini. Kuna bamba linalolazwa juu ya mfupa na kukazwa kwa skrubu, ambalo hutaka mshono mrefu zaidi. Kwa muundi, ambako ngozi ya mbele ni nyembamba kama karatasi, hilo si jambo dogo kwa mtu asiyepona haraka. Na kuna vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani tunaviita antena. Hivyo huwekwa hasa mfupa ukiwa umetoboa ngozi na kidonda kinahitaji kusafishwa. Antena inaokoa miguu, ila kila msumari wake ni tundu la kusafishwa kila siku kwa miezi, na kwa mwenye kisukari matundu hayo hupenda kutoa usaha.

Fimbo inayotumika katika hospitali nyingi za kwetu, pamoja na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, inatoka kwa shirika la Marekani liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa mifupa Lewis Zirkle huko Richland, Washington. Iliundwa kwa vyumba vya upasuaji visivyo na mashine ya eksirei ya papo kwa papo: kuna mkono wa nje unaomwonyesha daktari tundu la skrubu lilipo ndani ya mfupa, asihitaji kulitafuta kwa picha. Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini hospitali za mikoani, zisizo na mashine ya bei hiyo, nazo zinaweza kuweka fimbo.

Chuma hakiungi mfupa, kinaushika tu. Mfupa ukichelewa mno, chuma huchoka na kukatika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Hivyo chuma hakikuondolei kazi ya sukari. Kinakupa mambo mawili: mfupa unakaa ulivyonyooshwa, na ngozi inabaki nje, unaiona. Hilo la pili ndilo lililonibadilisha mawazo. Hatari ya upasuaji kwa mwenye kisukari ni kubwa kuliko kwa wengine, hakuna anayelikataa, lakini sehemu kubwa ya hatari hiyo inakuja wiki za mwanzo na inakuja waziwazi: wekundu, joto, usaha, mshono unaoachia. Mama hakuhitaji kuuhisi mshono wake. Mimi niliuona.

Kabla ya kupasuliwa, uliza sukari inatakiwa iwe ngapi siku hiyo. Madaktari wengi hupenda isizidi 10, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8 kama upasuaji unaweza kungoja. Cha mama kilikuwa 10.4. Daktari wa hospitali ya pili, tulikohamia baadaye, hakuharakisha: alimrudishia nusu hogo lenye dirisha kisiginini, kidonda kikasafishwa kila siku, mama akaanzishwa insulini ambayo miaka yote alikuwa akiikwepa, na baada ya wiki tatu akawekewa fimbo. Dawa za kisukari za vidonge nyingine husimamishwa kabla ya upasuaji, hivyo nenda na mfuko wote wa dawa, zile za kienyeji pia. Na nyuzi usishangae zikikaa wiki tatu. Za jirani yetu wa kitanda zilitolewa siku ya kumi na nne, mama akadhani amesahauliwa.

Kuhusu pesa, POP inaonekana ya bei nafuu mpaka upige hesabu ya nauli za kila wiki, eksirei nne tano, na mtu aliyeacha biashara yake kumuuguza mgonjwa kwa nusu mwaka. Chuma kinakula pesa mara moja, nyingi. Uliza mapema, tena kwa maandishi, kama bima yako inalipia upasuaji pamoja na chuma chenyewe, au chuma mnanunua ninyi.

Mzee wa mianzi

Sitaki kumdhihaki mjomba. Waunga mifupa wapo tangu enzi na enzi, wana mikono, wengine wananyoosha mfupa kwa kupapasa kuliko vijana wengi wenye vyeti. Wako karibu, wanalipwa kidogo kidogo, na hawasemi neno "kukata". Hofu ya kukatwa mguu ndiyo inayowapa wagonjwa wengi wa kisukari, kwa sababu kila kijiji kina mtu aliyekwenda hospitali na kidole akarudi bila mguu.

Lakini linganisha anachofanya na kile mguu wa kisukari usichokitaka. Mianzi hufungwa kwa kamba na kukazwa. Mguu ukivimba ndani ya kamba, damu inakosa njia, na mguu ambao mishipa yake ilikuwa tayari imesinyaa hauwezi kuvumilia hilo hata usiku mmoja. Kukandwa kwa maji ya moto au mafuta yaliyochemshwa, juu ya ngozi yenye ganzi, ni kuunguzwa bila kujua. Chale za kupakia dawa ni vidonda vipya ishirini. Na hana eksirei, kwa hiyo hajui kama ni ufa au mfupa umegawanyika vipande vinne. Kijana mzima atakayepona vyovyote vile humletea mzee sifa. Mwenye kisukari aliyeoza mguu hufia hospitali, na sifa mbaya inabaki hospitali.

Kama wazee wa ukoo wamekwisha kuamua na huna sauti, basi pigania mambo machache: eksirei kwanza, hakuna chale, hakuna cha moto, kamba zisikazwe mpaka vidole vibadilike rangi. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu uache. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde mbili tatu, au vidole vikiwa vya baridi na mama anasema "haviumi", fungua kamba usiku huo huo na mtafute gari.

Ningechaguaje leo

Kwa muda mrefu niliamini, kama watu wengi, kwamba anayekaa mbali na hospitali afungwe POP, kwa kuwa upasuaji unataka kurudi rudi. Kwa mwenye ganzi ni kinyume chake. POP juu ya mguu usiohisi ndiyo inayotaka jicho la kila wiki. Ukikaa Mlalo, kule milimani Lushoto, na kliniki iko Tanga mjini, hilo jicho hutalipata. Chuma kinataka uangalizi mkali wiki tatu nne za mwanzo, ambazo unaweza kuhamia kwa ndugu mjini, halafu unarudi nyumbani na mguu unaouona.

Kwa hiyo swali langu la kwanza sasa lingekuwa: anahisi? Funga macho yake, mguse kila kidole kwa ncha ya pamba, aseme ni kipi. Akikosea vingi, naegemea chuma, hasa mfupa ukiwa umehama. Akipatia vyote na mfupa umetulia, naegemea POP na ninanunua kalenda. Umri hauniambii kitu kikubwa. Mtu wa miaka 70 mwenye sukari nzuri na miguu inayohisi yuko salama zaidi chini ya kisu kuliko wa miaka 45 ambaye hajapima tangu mwaka juzi.

Nyonga iache nje ya mjadala huu. Mzee akivunjika nyonga, kungoja ndiko kunakoua: kulala chali na mguu unaovutwa kwa mawe wiki baada ya wiki huleta vidonda vya mgongoni, damu kuganda na nimonia. Kule hujadili POP, unajadili upasuaji utafanyika lini, na siku mbili za kwanza ndizo za kupigania. Mfupa uliotoboa ngozi nao hauna mjadala. Ni antibayotiki na kusafishwa saa hizo hizo.

Halafu kuna kisa kimoja ambapo POP inashinda kila kitu, na wengi wanakikosa. Mwenye kisukari anaamka na mguu umevimba kwenye unyayo, mwekundu, wa moto ukiushika kuliko wa pili, lakini hauumi, au unauma kidogo tu, wala hakumbuki kuanguka. Anaambiwa ni gauti, au ni maambukizi, anapewa vidonge, anaendelea kutembea. Inaweza kuwa ni mifupa midogo ya unyayo inavunjika kimya kimya, ule mguu unaoitwa wa Charcot, kwa jina la daktari wa Ufaransa wa karne ya 19. Tiba yake ni kutokanyagia, na hogo maalumu linaloushika mguu wote, linalobadilishwa mara kwa mara kwa miezi mpaka joto la miguu miwili lilingane. Hapo kukimbilia chuma mapema mara nyingi ni kosa. Tulikaa benchi moja na mzee fundi cherehani aliyetembelea mguu wa namna hiyo miezi miwili. Unyayo wake ulikuwa umepinda chini kama sehemu ya chini ya mtumbwi.

Mwenye ugonjwa mwingine wa kudumu abadilishe maswali. Kwa selimundu (sikoseli), maumivu ya nyonga bila kuanguka yanaweza kuwa kichwa cha paja kinakufa kwa kukosa damu, na homa pamoja na maumivu ya mfupa ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayetumia prednisolone kwa pumu au lupasi miaka mingi ana mifupa dhaifu, na asiiache ghafla kabla ya upasuaji, ni hatari kuliko mfupa wenyewe. Anayetumia TLD, kidonge cha VVU, ajue kwamba tenofovir iliyomo hupunguza uzito wa mifupa kidogo. Aseme kliniki, asiache dozi. Figo zikiwa mbovu, asinunue vidonge vya kalsiamu dukani kwa ushauri wa jirani.

Kongoro au dagaa, na mengine ya jikoni

Wiki ya kwanza tu nyumba ilijaa sufuria za supu ya kongoro. Wifi analeta, shangazi analeta. Kongoro ni tamu na ina joto la upendo, lakini kalsiamu iliyotoka mfupani ikaingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Dagaa waliwao mzima na mifupa yao wanaishinda mbali, wana protini pia, na bei yake haifanani. Uji wa ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, takribani miligramu 340 kwa gramu 100 za unga, ila ni wanga: kikombe kimoja, bila sukari, pamoja na yai au karanga. Mwanga wa jua nao hauuzwi. Mama alikuwa amefungiwa ndani kwa heshima ya ugonjwa. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipomkuta akamfukuzia barazani, asubuhi, mikono wazi.

Kwa maumivu, paracetamol ni polepole na diklofenaki ni kali, ndiyo maana kila mtu anataka diklofenaki. Kwa mwenye kisukari na presha, figo ndizo zinazolipa. Sigara na ugoro vinabana mishipa ile ile midogo inayopeleka damu kwenye ufa. Babu mmoja wa wodini alikuwa akitoka na magongo yake kuvuta nje ya geti, mara nne kwa siku, halafu anauliza kwa nini mfupa wake haushiki.

Magongo yenyewe pia yana ulinganisho. Magongo mawili yanamtaka mtu aruke kwa mguu mmoja, na mguu huo mmoja wa mwenye kisukari nao una ganzi. Fremu ya miguu minne ni nzito na inachosha, haipandi ngazi, lakini inagawa uzito. Tulianza na magongo kwa sababu yalikuwepo kwa jirani. Wiki ya pili mama akatoka lengelenge chini ya kidole gumba cha mguu mzima. Tukanunua fremu, na kila usiku nikawa nakagua miguu yote miwili kwa tochi ya simu.

Kungoja au kurudi mezani

Mwezi wa tano baada ya fimbo, eksirei ilionyesha kivuli tu pale penye ufa, kama vumbi. Mfupa ulikuwa umegoma. Daktari akatupa uchaguzi mwingine, safari hii akavuta kiti akakaa. Kungoja miezi miwili zaidi; au kutoa skrubu za upande mmoja wa fimbo, upasuaji mdogo, ili kila mama anapokanyaga uzito wake uzisukume ncha mbili zikutane; au, hilo likishindikana, kuchukua mfupa kidogo kutoka nyonga na kuupandikiza pale penye ufa.

Kupandikiza ni mshono wa pili mahali pa pili, na mwili huo huo wa kupona taratibu. Kungoja hakuna damu, lakini chuma nacho kilikuwa kinahesabu hatua zake. Nikauliza kipimo cha miezi mitatu kimetoka ngapi. Asilimia 7.6. "Kwa hiyo," daktari akasema, "siku hizi una mwili unaoweza kuunga. Mwanzo hukuwa nao." Tukachagua skrubu.

Ilichukua chini ya nusu saa. Mama alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza si mguu.

"Ile skrubu mmeiweka wapi?"

Nesi akacheka, akaenda, akarudi nazo mbili ndani ya kikopo cha dawa, zimeoshwa. Ziko kwenye kopo lake la vifungo sasa, pamoja na sindano za cherehani na funguo za sanduku ambalo halipo tena. Mjomba alipokuja Idi akaziomba azitazame, akazigeuza geuza kwenye kiganja, akapima unene kwa kucha. "Hizi," akasema, "mwanzi hauna." Kisha akauliza bei ya moja.